Ernst May: Mjenzi wa nyumba ndogo zilizoonekana kubwa pichani

MSANIFU majengo Ernst May, aliyefariki dunia mjini Hamburg, Ujerumani, Septemba 11, 1970 akiwa na umri wa miaka 84, aliishi Afrika Mashariki kwa takriban miaka 20. Hata hivyo, wapita njia wengi wa Nairobi, Moshi na Kampala hawajui kwamba ramani za baadhi ya majengo na mitaa wanayoipita kila siku zilitoka mkononi mwake. Ulaya hali ni tofauti. Huko hatajwi sana bila picha kuandamana na jina lake: kuta nyeupe tupu, paa bapa, madirisha yaliyopangwa kwa mstari mmoja na, mara nyingi, hakuna hata mtu mmoja.

Picha hizo zilimpa umaarufu. Ndizo pia zilizofunika suala lililomshughulisha kwa miaka mingi, nalo ni udogo wa chumba cha mtu wa kipato cha chini.

May alizaliwa Frankfurt Julai 27, 1886. Alisoma London na Munich, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi Uingereza chini ya Raymond Unwin, bingwa wa vitongoji vyenye bustani. Mwaka 1925, meya wa Frankfurt, Ludwig Landmann, alimkabidhi usimamizi wa ujenzi wa jiji lote. Vita vilikuwa vimeacha uhaba mkubwa wa makazi, na familia nyingi zilibanana katika vyumba visivyopata jua. Katika miaka mitano, May na wenzake walisimamisha nyumba zaidi ya 12,000 katika vitongoji kama Römerstadt, Praunheim na Westhausen.

Aliyekusudia kujenga haraka hivyo alihitaji kuungwa mkono na wananchi, na mwaka 1926 May akaanzisha jarida la Das Neue Frankfurt. Humo picha zilipewa nafasi sawa na maandishi. Mpangilio wake ulikuwa wa kujinyima: ukuta mmoja, kivuli kimoja, anga pana, basi. Kitongoji cha barabara ya Bruchfeld, ambacho nyumba zake zimepangwa kama meno ya msumeno ili kila moja ipate mwanga, kilikuwa kama kimeumbwa kwa ajili ya kamera. Kivuli cha pembe moja huangukia ukuta wa pembe inayofuata, na jicho hupelekwa mbali bila kuelekezwa.

Yafaa kueleza jinsi kamera inavyofanya kazi hiyo. Mtu akisimama leo chini ya gorofa ya Kiuu, Ruiru au Thika na kuinua simu ili apate jengo zima, ataona kuta zimelala nyuma na kukaribiana juu, kana kwamba jengo linaanguka. Kosa si la fundi mwashi. Picha hunyoosha mistari ya wima pale tu filamu, au kile kioo kidogo cha ndani ya simu, kinaposimama sambamba na ukuta. Kamera ikiinamishwa, usambamba huo hupotea. Wapiga picha za majengo wa enzi ya May walikuwa na kamera kubwa zenye mfuko wa kukunjika katikati. Waliiacha sahani ya nyuma imesimama wima, kisha wakapandisha lenzi peke yake mpaka paa likaingia. Kwa njia hiyo ukuta ulinyooka kama ulivyo.

Ndani ya chumba kuna hila nyingine. Lenzi pana humwezesha mpiga picha kujibana kwenye kona na bado akapata kuta tatu. Lakini kwa kuwa yuko karibu mno, kiti kilicho mbele yake hukua na ukuta wa mwisho hurudi nyuma, na chumba cha hatua nne huonekana ukumbi. Wanaotafuta nyumba za kupanga kwa kutazama matangazo wanaijua adha hii: pichani kitanda kina nafasi pande zote, ukifika mlango haufunguki vizuri.

May alikabiliwa na swali hilo moja kwa moja mwaka 1929, wakati wasanifu wa kisasa kutoka nchi mbalimbali walipofanya mkutano wao wa pili wa kimataifa Frankfurt. Mada ilikuwa nyumba ya kiwango cha chini kabisa kinachomtosha binadamu. Maonyesho yaliyoandaliwa hayakutegemea picha. Yalikuwa na ramani za vyumba tu, zote zimechorwa kwa kipimo kimoja na kwa mtindo mmoja, hata majina ya wasanifu yakaachwa pembeni. Ramani haina karibu wala mbali. Mita ni mita, iwe mlangoni au dirishani. Kwa watu waliopenda picha kiasi kile, huo ulikuwa uamuzi wa kiungwana, na pengine ndio uliokuwa wa kweli kuliko yote waliyoyachapisha.

Mfano wa udogo huo ni jiko lililobuniwa mwaka 1926 na Margarete Schütte-Lihotzky, mwanamke msanifu katika kikosi cha May. Lilikuwa na urefu wa takriban mita 3.4 na upana wa mita 1.9, na kila kitu kilifikiwa kwa hatua chache. Majiko yapatayo 10,000 ya aina hiyo yaliwekwa. Katika nafasi kama hiyo mpiga picha hana budi kurudi mlangoni, na ndiyo maana jiko hilo mara nyingi huonekana kama ujia mrefu unaoishia kwenye dirisha.

Mwaka 1930 May aliongoza kundi la wataalamu kwenda Urusi ya Kisovieti kupanga miji mipya, ukiwemo Magnitogorsk. Alipotaka kuondoka, Wanazi walikuwa wamekwisha kutwaa madaraka Ujerumani. Wao nao walijua nguvu ya picha. Wapinzani wa usanifu mpya walisambaza kadi ya posta ya mtaa wa Weissenhof, Stuttgart, ambao wasanifu wengine waliujenga mwaka 1927, wakabandika humo ngamia na simba ili paa bapa zionekane za Kiarabu na hivyo za aibu. Kejeli hiyo ingewashangaza watu wa Lamu, ambao mawe yao ya matumbawe yalibeba paa bapa karne nyingi kabla.

May alifika Tanganyika mwaka 1934 na kuwa mkulima karibu na Arusha, kisha mwaka 1937 akahamia Nairobi na kurudia fani yake. Vita vya pili vilipozuka, Waingereza walimweka kizuizini kwa kuwa alikuwa Mjerumani. Baada ya kuachiwa, alichora mpango wa kupanua Kampala kuelekea Kololo na Naguru, jengo la chama cha ushirika cha KNCU mjini Moshi na Hoteli ya Oceanic, Mombasa. Jua la Ikweta lilimlazimisha kuacha ukuta mtupu wa Frankfurt. Saa sita za mchana mwanga hushuka kutoka utosini, na ukuta usio na kinga hupikika. Akaleta vivuli virefu, varanda na matundu ya kupitisha upepo.

Ila si kila alichokiona huku alikiona sawasawa. Mpango wake wa Kampala ulifuata mgawanyo wa rangi wa kikoloni, na makazi aliyowabunia Waafrika yalijengwa juu ya dhana kwamba ni lazima waongozwe hatua kwa hatua kuelekea maisha ya Kizungu. Katikati ya miaka ya 1940 alibuni nyumba ya vipande vya saruji vilivyopinda na kukutana juu kama upinde, akiamini umbo hilo lingewakumbusha nyumba zao za asili. Kwenye karatasi linapendeza sana. Ndani, kabati haliwezi kuegemea ukuta uliopinda.

Alirejea Ujerumani mwishoni mwa mwaka 1953 na kuendelea kupanga mitaa mikubwa ya makazi ya baada ya vita. Nyumba moja ya Römerstadt, iliyoko Im Burgfeld namba 136, imekarabatiwa na kufunguliwa kwa umma, pamoja na jiko lake na bustani ya nyuma. Mgeni anayeingia jikoni humo akinyoosha mikono yake miwili karibu atagusa kuta zote mbili.