Dk. Jonathan Mann: Tabibu aliyeutaja unyanyapaa kuwa kikwazo cha kinga ya ukimwi

MIONGONI mwa madaktari walioasisi mapambano ya dunia dhidi ya ukimwi, Dk. Jonathan Mann ndiye aliyesisitiza mapema kwamba kinga haiwezi kufanikiwa mahali ambapo mgonjwa anaogopwa na kutengwa.

Mann alizaliwa Boston, Marekani, Julai 30, 1947 na kuhitimu udaktari mwaka 1974. Kwa miaka kadhaa alifuatilia magonjwa ya mlipuko, tauni ikiwamo, katika jimbo la New Mexico.

Mwaka 1984 alihamia Kinshasa, Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuongoza Projet SIDA, mradi wa utafiti uliowaunganisha wataalamu wa Zaire, Marekani na Ubelgiji. Zama hizo wengi katika nchi za Magharibi waliuona ukimwi kuwa maradhi ya mashoga na watumiaji wa dawa za kulevya. Kinshasa ilidhihirisha kuwa wanaume na wanawake huambukizana. Aidha, uchunguzi katika kaya za wagonjwa ulionyesha kwamba kuishi nao nyumba moja hakuambukizi.

Mwaka 1986 aliitwa Geneva kuanzisha programu ya ukimwi ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Mwaka uliofuata aliueleza Umoja wa Mataifa kuwa dunia inakabiliwa na milipuko mitatu: virusi vinavyoenea kimyakimya, ukimwi wenyewe, na unyanyapaa unaoufuata.

Hoja yake ilikuwa nyepesi. Anayehofia kufukuzwa kazi hatapima. Vilevile, alitoa mfano wa wanawake wa Afrika Mashariki waliokuwa waaminifu katika ndoa lakini wakaambukizwa, kwa kuwa kumkatalia mume kungewaletea kipigo au talaka iliyowaacha mikono mitupu. Kwao, elimu bila haki haikuwa kinga.

Mwaka 1990 alijiuzulu WHO kufuatia kutoelewana na Mkurugenzi Mkuu, Hiroshi Nakajima. Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Harvard, ambako mwaka 1994 alianzisha jarida la afya na haki za binadamu.

Septemba 2, 1998, Mann na mkewe, Dk. Mary Lou Clements-Mann, mtafiti wa chanjo, walikufa wakielekea Geneva, baada ya ndege ya Swissair kuanguka baharini karibu na Nova Scotia, Canada. Watu wote 229 waliokuwamo walipoteza maisha. Mann alikuwa na umri wa miaka 51.

Leo zipo dawa za kufubaza virusi. Hata hivyo, dawa haimfikii anayeona aibu kuonekana kliniki, na kikwazo hicho ndicho alichokitaja Mann tangu mwanzo.