Ivan Pavlov

Ivan Petrovich Pavlov (Ryazan, 26 Septemba 1849 – Leningrad, 27 Februari 1936) alikuwa mwanafiziolojia wa Urusi. Mwaka 1904 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba kwa utafiti wake juu ya mmeng'enyo wa chakula, akiwa Mrusi wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel. Hata hivyo anakumbukwa zaidi kwa uchunguzi wake wa baadaye juu ya namna mbwa wanavyojifunza. Ingawa hakuwa mkufunzi wa mbwa, anayesomea tabia na mafunzo ya mbwa siku hizi hukutana na jina lake katika masomo ya mwanzo kabisa.

Maisha

Pavlov alizaliwa katika familia ya padre wa Kanisa la Kiorthodoksi. Utotoni alianguka vibaya, na kwa sababu hiyo alichelewa kuanza shule hadi umri wa miaka 11. Alisoma katika seminari ya Ryazan akitarajiwa kuwa padre kama baba yake. Mwaka 1870 aliacha seminari, akaenda kusomea sayansi asilia katika Chuo Kikuu cha Sankt Peterburg. Baadaye alisomea udaktari katika chuo cha tiba cha kijeshi mjini humo, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1883.

Mwaka 1881 alimwoa Seraphima Karchevskaya. Miaka ya kwanza ya ndoa yao ilikuwa ya ufukara, na walimpoteza mtoto wao angali mdogo. Hali yao ilibadilika mwaka 1890 Pavlov alipopata uprofesa. Mwaka uliofuata alikabidhiwa idara ya fiziolojia katika Taasisi ya Tiba ya Majaribio.

Utafiti juu ya mmeng'enyo

Kabla yake, watafiti wengi walimpasua mnyama, wakatazama viungo vyake kwa muda mfupi, naye akafa. Pavlov alitaka kuona viungo vikifanya kazi katika mnyama mzima. Alimpasua mbwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, akamwekea tundu dogo la kutolea majimaji ya tumbo au mate, kisha akamwacha apone. Mbwa wa namna hiyo aliweza kuchunguzwa kwa muda mrefu. Matokeo ya kazi hiyo aliyachapisha katika kitabu mwaka 1897.

Kujifunza kwa mbwa

Katika kupima mate, Pavlov na wasaidizi wake walikuta tatizo: mbwa walianza kutoa mate kabla ya kupewa chakula. Ilitosha kumwona mtu aliyezoea kuwalisha au kusikia hatua zake. Badala ya kulipuuza jambo hilo, Pavlov alilifanya kuwa somo lake kwa miaka zaidi ya 30. Mwaka 1903 alilieleza mbele ya mkutano wa kimataifa wa madaktari mjini Madrid.

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi. Mbwa alisikilizishwa metronomi, yaani kifaa cha wanamuziki kinachogonga kwa mapigo sawa, kisha akapewa chakula. Baada ya kurudiwa mara kadhaa, mlio peke yake ulitosha kumtoa mate. Watu wengi huhadithia kengele tu, lakini maabara yake ilitumia pia taa, milio mbalimbali na kuguswa kwa ngozi.

Pavlov alionyesha kwamba mbwa hujifunza vizuri zaidi ishara ikitangulia chakula kidogo. Ishara ikirudiwa mara nyingi bila chakula, mate hupungua hadi kukoma, ingawa yanaweza kurudi baada ya mapumziko.

Majaribio mengine yaliwaumiza wanyama. Mbwa mmoja alifundishwa kutofautisha duara na duaradufu. Maumbo hayo yalipofanywa kukaribia kufanana, mbwa aliyekuwa mtulivu alianza kulia na kuhangaika, akasahau hata aliyokwisha kujifunza. Mwaka 1924 mafuriko yaliingia Leningrad, na mbwa waliokuwa katika mabanda yao waliokolewa kwa shida. Baadhi yao walipoteza mazoea yao kwa muda. Kwa hiyo Pavlov aliona kwamba hofu na utata vinaweza kuvuruga elimu ya mnyama.

Miaka ya mwisho

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917, njaa iliwapata watu na mbwa wa maabara. Mwaka 1921 Lenin alitia saini amri ya kumsaidia Pavlov aendelee na kazi. Hata hivyo Pavlov aliikosoa serikali waziwazi. Katika miaka ya 1920 aliacha uprofesa katika chuo cha kijeshi kupinga kufukuzwa kwa wanafunzi waliokuwa watoto wa mapadre, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Mwaka 1935 sanamu ya mbwa ilisimamishwa katika bustani ya taasisi yake, kwa heshima ya wanyama waliotumika. Pavlov alifariki mwaka uliofuata kwa nimonia, akiwa na umri wa miaka 86.

Urithi

Wakufunzi wengi wa mbwa hutumia kifaa kidogo chenye mlio mkali. Mlio huo huunganishwa kwanza na chakula, kisha hutumika kumjulisha mbwa papo hapo kwamba amefanya vema. Mbwa anayeogopa kitu huonyeshwa kitu hicho kwa mbali huku akipewa chakula akipendacho, hadi hofu ipungue. Nchini Tanzania, mjini Morogoro, panya buku wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu huanza vivyo hivyo: mlio, kisha chakula.

Majaribio ya Pavlov yasingeruhusiwa leo katika nchi nyingi bila masharti makali. Lakini kwa sehemu kubwa ni kutokana nayo kwamba wakufunzi wameweza kuacha fimbo na kutumia subira, ishara iliyo wazi na chakula kinachokuja kwa wakati wake.