Maisha ya Cajal, mchoraji wa seli za neva



Mara hii tunawaelezea maisha ya Santiago Ramón y Cajal. Sisi wa biolojia tunamjua kwa michoro yake ya seli, zilizo sawa miti yenye mizizi.

Alizaliwa mwaka 1852 kule Petilla, kijiji cha Hispania. Kijana alipenda paka kuchora. Baba yake, munganga, alikasirika akamtia kwa kinyozi na kwa fundi wa viatu. Akiwa na miaka 11 alifungwa hata gerezani, juu ya mzinga aliotengeneza mwenyewe na kuharibu nao mlango wa jirani! Baadaye baba alimfundisha mifupa ya watu, na kumbe hapo kalamu yake ikapata kazi. Alimaliza uganga mwaka 1873, akatumwa Cuba na jeshi, malaria ikamwangusha. Aliporudi alinunua mikroskopi kwa akiba yake.

Wakati ule wakubwa wengi wa sayansi walisema neva zote ni wavu mmoja. Golgi, Mwitalia, alivumbua dawa mwaka 1873: kipande cha ubongo kinatiwa ndani ya bikromati ya potasiumu, kisha nitrati ya fedha. Seli chache tu zinakuwa nyeusi. Ndiyo faida yake, maana kama zote zingekuwa nyeusi, tungeona giza tu. Cajal aliiona mwaka 1887, akaanza kuitia mara mbili, tena katika ubongo wa ndege wachanga na vifaranga vya ndani ya yai, ambavyo neva zao hazijavaa mafuta bado. Mwaka 1888 akaona: kila seli iko peke yake, inakaribia jirani bila kuungana naye.

Aliandika Kispanyola, karibu hakuna aliyesoma. Basi mwaka 1889 alibeba vipande vyake mpaka mkutano wa Berlin, akaeleza kwa Kifaransa kibovu. (Sisi tunaoogopa kusema Kifaransa darasani, tumwangalie huyu!) Mzee Kölliker alichungulia, akasadiki.

Mwaka 1906 yeye na Golgi walipewa zawadi ya Nobel pamoja. Ila Golgi, katika hotuba yake, aliutetea tena ule wavu. Kwetu hilo ni ajabu: mwenye dawa alikataa kile dawa yake ilichoonyesha.

Cajal alikufa Madrid tarehe 17 Oktoba 1934. Nafasi ndogo kati ya seli na seli ilionekana wazi katika miaka ya 1950 tu, kwa mikroskopi ya elektroni.