George Smith: Mkulima aliyevaa bastola kwa kutengeneza wiski halali

KATIKA klabu za michezo za Thika na Ruiru, ambako wachezaji wa gofu huburudika jioni, wapo wanaoweza kuitambua wiski kwa pua kabla ya kuionja. Ustadi huo si mgeni katika eneo la kahawa. Kwenye kituo cha utafiti cha Ruiru, kilikozaliwa mbegu ya Ruiru 11 mnamo 1985, waonjaji hunusa kikombe, huvuta kinywaji kwa kelele, kisha hukitema. Wa wiski hufuata utaratibu uo huo, ila wengi wao husahau kutema.

Wanapoandaliwa wiski za kimea cha shayiri tupu kutoka bonde la mto Spey, Uskoti, wanakunywa matunda ya ujasiri wa George Smith.

Smith alizaliwa mwaka wa 1792 katika shamba la Upper Drumin, kwenye bonde la Glenlivet. Alijifunza ufundi wa ujenzi, lakini akaishia kuwa mkulima na mpangaji katika ardhi ya Duke wa Gordon. Kama majirani zake, alipika pombe bila leseni. Inasimuliwa kwamba bonde hilo dogo lilikuwa na mitambo 200 hivi ya magendo. Milima ilificha moshi, maji yalikuwa safi, na ushuru wa serikali ulikuwa mzito kiasi kwamba uhalali ulimaanisha hasara.

Yeyote aliyeshuhudia polisi wakimwaga chang'aa mtoni anaielewa hali hiyo. Kenya ilipiga marufuku kinywaji hicho kwa sheria ya 1980, kikazidi kupikwa gizani, hadi sheria mpya ya 2010 ilipofungua mlango wa leseni.

Uingereza ilichukua njia kama hiyo mapema zaidi. Mwaka wa 1823 Bunge lilipunguza ushuru na kuweka ada ya leseni ya pauni 10. Duke wa Gordon, aliyekuwa amepigania mabadiliko hayo, aliwahimiza wapangaji wake watii. Mwaka uliofuata, Smith akawa wa kwanza katika Glenlivet kukata leseni.

Majirani walimwona msaliti. Hofu yao haikukosa msingi: mmoja akihalalishwa, waliobaki wangeandamwa na maafisa wa ushuru. Walitishia kukichoma kiwanda pamoja na mwenyewe. Hayo hayakuwa maneno matupu, kwani kiwanda kingine halali kando ya mto Dee kiliteketezwa. Bwana mmoja mwenye ardhi wa Aberlour alimpa Smith bastola mbili, naye akazivaa kiunoni kwa miaka kadhaa, mchana na usiku. Wengine waliojaribu kufuata nyayo zake bondeni walitishwa wakafunga. Yeye alibaki.

Wiski yake ilikuwa na ladha ya matunda na moshi mdogo kuliko ile ya visiwani, ambako shayiri hukaushwa kwa moto wa udongo wa kinamasi. Andrew Usher, mfanyabiashara wa Edinburgh, aliisambaza mbali. Mnamo 1858 Smith alianza kujenga kiwanda kikubwa zaidi huko Minmore, na wasafirishaji wa magendo wakawa wamefifia.

Huku kwetu, ikumbukwe, wiski hiyo haikuwa ya kila mtu. Kwa miaka mingi ya ukoloni sheria ilimkataza Mwafrika pombe kali, na klabu zilikuwa za Wazungu. Mhudumu aliibeba chupa bila ruhusa ya kuionja.

Smith alifariki mwaka wa 1871. Kufikia wakati huo sifa za Glenlivet zilikuwa zimevuma mno hata viwanda vya mabonde ya mbali vikajibandika jina hilo. Mwanawe, John Gordon Smith, alikwenda mahakamani, na mwaka wa 1884 ikaamuliwa kwamba ni wiski ya familia hiyo pekee iliyoruhusiwa kujiita The Glenlivet. Wengine walilazimika kuliunganisha jina hilo na majina yao wenyewe.