Wakili wa hemani aliyewatetea wenye maduka wa Tulsa

Buck Colbert Franklin, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mwaka wa 1879 katika eneo ambalo sasa ni Oklahoma, alikuwa mkulima na mfugaji kabla ya kusomea sheria kwa njia ya posta. Mnamo 1921 alihamia Tulsa, akitarajia mkewe Mollie na watoto wangemfuata karibuni.

Lakini Mei 31 na Juni 1 mwaka huo, magenge ya Wazungu yaliteketeza Greenwood, mtaa wa Weusi uliosheheni maduka, hoteli na makanisa. Ofisi ya Franklin pia iliungua. Yeye na mwenzake wakahamia hemani na taipureta yao, wakaandaa madai ya bima. Kampuni zilikataa kulipa, zikijikinga kwa kifungu cha ghasia.

Kisha baraza la mji likaamuru majengo mapya yawe ya vifaa visivyoshika moto, gharama ambayo mwenye kiduka asingeimudu. Franklin aliwahimiza wajenge hata kwa mbao za masanduku, wakikamatwa, angewatoa. Mahakama iliibatilisha amri hiyo. Ushindi huo, wala si fidia, ndio uliookoa Greenwood.

Familia yake ilimfikia mwaka wa 1925. Alifariki mwaka wa 1960, mwanawe John Hope akiwa tayari mwanahistoria mashuhuri.