Ansel Adams: Aliyengojea mwanga wa alfajiri jirani na seng'enge

Wengi wetu tunaoishi Marekani tumeziona picha zake pasi na kumjua mwenyewe. Zimetundikwa kwenye vyumba vya kungojea daktari, kwenye mabenki na kwenye kalenda za mwaka mpya: milima, theluji na mawingu, zote nyeusi na nyeupe. Aliyezipiga ni Ansel Adams. Leo tumeona si vibaya tukasimulia habari zake, kwani maisha yake yana somo kwa kila mwenye kamera, na kwa asiyekuwa nayo pia.

Adams alizaliwa mjini San Francisco tarehe 20 Februari 1902, mtoto pekee wa wazazi wake. Nyumba yao ilikuwa kwenye vichuguu vya mchanga karibu na Golden Gate, mlango wa bahari uingiao ghuba ya mji huo. Kwa wasiofika huko, tufahamishe kuwa ukungu wa San Francisco si umande unaokauka jua likichomoza. Bahari ya pale ni baridi mwaka mzima, si kama yetu ya kuogelea. Wakati wa kiangazi bara linapopata moto, hewa yake hupanda juu, na ile ya baharini, baridi na yenye unyevu, huvutwa ndani kupitia mlango ule. Basi siku nyingine mji huamka umefunikwa gubigubi na kufunguka kabla ya adhuhuri, na siku nyingine haufunguki kabisa. Mtoto huyu alikulia ndani ya hali hiyo.

Tetemeko kubwa la 1906 lilimkuta ana miaka minne. Mtikisiko uliofuatia ulimtupa kwenye ukuta wa bustani, pua ikavunjika, na ikabaki imepinda hadi kufa kwake. Mwaka uliofuata biashara ya mbao ya ukoo wao iliingia matatani. Shule nayo haikumkubali, mwishowe baba yake akamtoa, akawa anasomea nyumbani. Alijifunza piano kwa bidii kubwa, na kwa miaka mingi alidhani hiyo ndiyo itakayomlisha.

Mwaka 1916, akiwa na miaka 14, wazazi walimpeleka kwenye bonde la Yosemite na kumpa kamera ndogo ya Kodak. Tangu hapo hakuacha kurudi Yosemite kila mwaka, maisha yake yote. Hilo ndilo jambo la kwanza la kushika: Adams hakuwa mtu wa kupita na kupiga. Aliijua milima ile kama mvuvi anavyozijua bamvua na maji mafu, akajua jua linatokea wapi msimu gani na kivuli kinahama saa ngapi.

Tarehe 10 Aprili 1927 alipanda kwenye theluji na kamera nzito na vioo 12 vya kupigia picha, akiufuata mwamba wa Half Dome. Alipofika mahali alipopakusudia, vioo vilivyobaki vilikuwa viwili tu, na uso wa mwamba bado ulikuwa kivulini. Alingoja. Jua lilipouzungukia, alipiga cha kwanza kwa kichujio cha manjano, kisha akatambua kuwa mbingu itatoka nyeupe mno. Kioo cha mwisho akakipiga kwa kichujio chekundu, ambacho hulifanya anga la buluu liwe jeusi. Picha ile ya pili ndiyo iliyompa jina.

Baadaye, kwenye miaka ya 1939 na 1940, yeye na mwenzake Fred Archer walitengeneza utaratibu wa kugawa mwanga katika ngazi 11, kuanzia weusi mtupu hadi weupe mtupu. Faida yake inaonekana hasa kwenye ukungu na theluji. Kipima mwanga hakijui kuwa kinachokiona ni cheupe. Hukichukulia kuwa kijivu, na picha ikatoka ya giza. Mpiga picha anapaswa kuamua mwenyewe ukungu ule ukae ngazi gani, kisha aongeze mwanga ipasavyo. Mawingu hayangojei mtu apige hesabu, hivyo hesabu lazima ziwe kichwani kabla hayajafunguka.

Sasa tufike kwenye alfajiri yenyewe. Mwaka 1942, wakati wa vita na Japani, serikali ya Marekani iliwatia kambini watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia waliozaliwa humo humo. Kambi mojawapo ilikuwa Manzanar, chini ya milima ya Sierra Nevada, na ilifikia kuwa na watu zaidi ya 10,000. Mkuu wa kambi alikuwa rafiki wa Adams, na mwaka 1943 akamkaribisha kupiga picha.

Kilomita zipatazo 16 kusini mwa kambi upo mji mdogo wa Lone Pine. Kwenye majira ya baridi ya 1944 Adams alijihimu huko asubuhi nne mfululizo, baridi ikikata mifupa, na asubuhi zote nne mawingu yakamharibia. Siku ya tano akaenda tena. Alisimamisha kamera juu ya paa la gari, akarudi ndani kungojea. Vilele vikashika mwanga, vilima vya mbele vikabaki gizani, na mstari mwembamba wa jua ukaanza kutambaa kwenye malisho alimokuwa farasi. Farasi alikuwa amempa mgongo. Dakika ya mwisho akageuka ubavu, na Adams akabonyeza.

Wahenga walisema subira yavuta heri, lakini pia wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kungoja kwa Adams hakukuwa kwa kukaa bure. Farasi hakuagizwa, lakini kila kisichohitaji bahati kilikuwa tayari.

Hata hivyo tusimfanye malaika. Kambini alikatazwa kupiga minara ya walinzi na seng'enge. Sisi ambao kalamu zetu ndizo zilizotutoa makwetu tunayafahamu masharti ya namna hiyo. Adams aliyakubali, ila alipanda juu ya mnara na kuipiga kambi nzima kutoka huko. Alipiga wakulima, wauguzi na watoto wa shule wakitabasamu, na mwaka 1944, vita vikiendelea, akatoa kitabu cha kuwatetea kuwa ni raia sawa na wengine. Wako waliomlaumu, akiwemo mpiga picha mwenzake Dorothea Lange, kwamba alikuwa laini mno. Nasi tunaona lawama hiyo ina uzito wake, kwani tabasamu bila seng'enge ni nusu ya habari.

Adams alifariki tarehe 22 Aprili 1984, akiwa na miaka 82. Mwaka uliofuata mlima mmoja wa Sierra Nevada ukapewa jina lake. Mwaka 1988 serikali ya Marekani ikawaomba radhi rasmi waliofungwa na kuwalipa dola 20,000 kila aliyekuwa bado hai. Picha za Manzanar alikuwa amekwisha kuzikabidhi kwa Maktaba ya Bunge mwaka 1965, na yeyote anaweza kuzitazama.

Basi msomaji, ukiiona tena ile picha ya farasi na milima yenye jua, itazame vizuri. Mwanga ule ule uliwaamsha pia waliokuwa ndani ya seng'enge, nao walikuwa wakingojea alfajiri yao.