Daktari Burkitt na Uvimbe wa Taya

Daktari Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipata ajali, akapoteza jicho lake la kulia. Hata hivyo alisomea utabibu Dublin, akawa daktari wa upasuaji, na mwaka 1946 akafika Uganda.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote mbili za mataya. Muda si mrefu akamwona mwingine huko Jinja. Ilikuwa saratani kali, nayo ilikua upesi mno hata kisu cha upasuaji hakikufaa kitu. Wazazi walileta watoto wao hospitalini, na wengi walirudi mikono mitupu.

Burkitt hakuridhika kusema kwamba ndivyo ilivyo. Alijiuliza: Mbona ugonjwa huu uko hapa, na kule haupo? Akapeleka barua za maswali kwa hospitali nyingi za Afrika. Kisha mwaka 1961 yeye na matabibu wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi Afrika ya Kusini, safari ya majuma 10 na maili zipatazo 10,000. Wakagundua kwamba ugonjwa huo huonekana katika nchi zenye joto na mvua, wala si katika nyanda za juu zenye baridi. Yaani, pale malaria inapozidi.

Mwaka huo huo, huko London, mtaalamu Anthony Epstein alimsikia akihutubia. Vipande vya uvimbe vikapelekwa kwake kutoka Kampala, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi waliyoiona ndani yake. Hiyo ndiyo virusi ya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya wanadamu. Leo wataalamu wanakubali kwamba malaria ya mara kwa mara huipa nafasi ya kudhuru.

Tena Burkitt aliwatibu watoto kwa dawa badala ya kisu, na baadhi yao wakapona kabisa.

Alifariki mwaka 1993. Ndugu msomaji, Burkitt hakuwa na maabara kubwa wala fedha nyingi. Alikuwa na jicho moja, na swali ambalo hakukubali kuliacha bila jibu. Atafutaye kwa subira hufika.